Chujio na Mafuta ya Haidroliki: Mazungumzo na Wenye Mashine wa Kilosa na Mikumi

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wakulima wa miwa, wenye matrekta na tipa, na mafundi wa gereji, kwanza Kilosa mjini na baadaye Mikumi. Yamechapwa hapa karibu kama yalivyosemwa.



Nilipopangiwa kuja kuzungumza nanyi juu ya machujio ya mafuta ya haidroliki, mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza kama kweli mwananchi wa kawaida ana haja na jambo hilo. Alidhani haki za mlaji ni mambo ya mkate uliopungua uzito na sukari iliyochanganywa na mchanga. Nilimjibu kwamba hajawahi kukaa Ruhembe au Kidodi wakati wa msimu, miwa imekwisha kukatwa, na mashine ya kuipakia imesimama katikati ya shamba mkono wake ukiwa hewani, haupandi wala haushuki. Muwa uliokatwa hausubiri. Kila siku inayopita, sukari iliyomo hupungua, na mkulima hulipwa kwa utamu ule uliobaki. Hasara hiyo yote yaweza kuwa imeanzia kwenye kopo la bati lenye ukubwa wa kikombe kikubwa, lililonunuliwa dukani bila kuulizwa neno.

Naomba kwanza tuelewane juu ya kinachotendeka ndani ya mashine. Trekta inayoinua jembe, tipa inayomwaga kokoto, mashine inayobana mzigo wa miwa, hata jeki ya gereji, zote hutumia njia moja: pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, na pistoni huinua mzigo. Msukumo huo katika trekta nyingi hufika karibu bari 200. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bari mbili na kitu. Basi fikirini nguvu inayokaribia mara mia ya ile ya tairi, imefungwa ndani ya mpira unaopita karibu na goti la dereva. Nitarudi kwenye jambo hilo kabla sijamaliza.

Kati ya pampu na pistoni ipo vali. Kazi yake ni kuamua mafuta yaende wapi na kwa kiasi gani. Katika mashine za zamani, dereva huvuta wenzo kwa mkono, na ndani ya vali kijiti cha chuma huteleza kikafungua njia. Vali za namna hiyo zina uvumilivu. Mashine zinazoingia nchini siku hizi, hasa zile za viwandani, zina vali zinazoongozwa kwa umeme, na zilizo bora kuliko zote huitwa vali za servo. Hapo mkondo mdogo sana wa umeme hutikisa kipande kidogo cha chuma, kipande hicho hugeuza njia ya mafuta kidogo, na mafuta hayo kidogo husogeza kijiti kinachotawala mafuta mengi. Mmarekani William Moog aliitengeneza vali ya namna hiyo mwaka 1951 kwa ajili ya ndege na makombora, nayo ikaenea viwandani. Nguvu ya mafuta si ngeni katika mkoa huu: katika mitambo ya umeme wa maji kama ule wa Kidatu, wenye tabaini nne na uwezo wa megawati 204, malango yanayopima maji ya kuingia katika tabaini husogezwa na mafuta yenye msukumo, na kosa la mafuta hapo ni kosa la taa za watu walio mbali sana na mto Ruaha.

Ubora wa vali hizi ndio udhaifu wake. Nafasi iliyopo kati ya kijiti na nyumba yake ni mikroni chache tu, kati ya moja na nne hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho lenye afya haliwezi kuona chembe iliyo ndogo kuliko mikroni 40. Kwa hiyo uchafu unaoiua vali hauonekani. Mafuta yaweza kung'aa kama asali ya Tabora ndani ya chupa, na bado yakawa machafu kwa vali. Fundi anayekuambia, "Nimeyatazama, ni safi," amesema kweli juu ya macho yake, lakini hajasema lolote juu ya mafuta.

Je, usafi hupimwaje, kama macho hayasaidii? Upo mfano wa kimataifa uitwao ISO 4406. Maabara huhesabu chembe zilizomo katika mililita moja ya mafuta, kisha huandika namba tatu: ya kwanza ni ya chembe zinazozidi mikroni 4, ya pili ni ya zinazozidi mikroni 6, na ya tatu ni ya zinazozidi mikroni 14. Kila namba ikipanda kwa moja, idadi ya chembe huwa imeongezeka maradufu. Mifumo yenye vali za servo hutakiwa kuwa na usafi kama 16/14/11. Hapo namba 16 maana yake ni chembe kati ya 320 na 640 katika kila mililita. Namba 21 haionekani kuwa mbali na 16, lakini maana yake ni chembe kati ya 10,000 na 20,000. Katika kijiko kimoja cha chai, yaani mililita tano, hizo ni chembe zisizopungua elfu hamsini. Sisemi kila mwenye trekta apeleke mafuta maabara. Nasema kwamba namba hizi zikiwa zimeandikwa katika kitabu cha mashine yako, usikubali muuzaji akuambie kuwa hazina maana.

Sasa nije kwenye chujio lenyewe, ambalo mafundi wetu huliita filta. Hapa nitasimulia yaliyonipata mimi, maana si vizuri mtu kuonya wenzake kana kwamba yeye hakuwahi kujikwaa. Familia yetu ina trekta moja ya zamani. Mwaka mmoja, masika yakikaribia, nilitumwa nikanunue chujio la haidroliki. Nilichukua lile kuukuu mkononi, nikaenda duka la spea, nikapewa jingine lililolingana nalo kwa kimo, kwa upana, na kwa nyuzi za kufungia. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyoitarajia. Nilifurahi, nikajiona mjanja. Siku ya kumi na moja jembe lilikataa kupanda. Fundi alipolikata chujio lile kwa msumeno tukakuta bomba lake la kati limebonyea kama kopo lililokanyagwa, na karatasi yake imepasuka vipande, vipande vimesafiri hadi ndani ya vali. Lilikuwa chujio la injini. Nyuzi zake zililingana, lakini halikutengenezwa kwa msukumo wa haidroliki, wala vali yake ndogo ya pembeni haikufunguka kwa kipimo kilichotakiwa. Niliporudi dukani niliulizwa risiti. Sikuwa nayo. Mtumishi wa umma anayewafundisha watu kudai risiti hakuwa na risiti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kulingana kwa nyuzi si ushahidi. Ushahidi ni namba ya spea iliyoandikwa katika kitabu cha mashine, na namba hiyo ilinganishwe na iliyopigwa kwenye chujio lenyewe, si kwenye boksi peke yake, maana boksi laweza kubadilishwa. Likitoka kwa mtengenezaji mwingine si kosa. Wapo watengenezaji wengi wazuri ambao si wale waliounda trekta. Lakini mwuzaji akuonyeshe katika orodha ya mtengenezaji huyo kwamba namba yao inasimama badala ya ile ya kitabu.

Lipo pia neno linalowadanganya wengi: "mikroni 10". Chujio likiandikwa hivyo peke yake, hujaambiwa kitu. Laweza kuwa linazuia nusu ya chembe za ukubwa huo na kuiacha nusu nyingine ipite. Watengenezaji wa kweli huongeza kipimo kiitwacho beta. Beta 2 kwa mikroni 10 maana yake, katika kila chembe mbili zinazofika, moja hupita. Beta 200 maana yake, katika kila chembe 200, moja tu hupita. Machujio hayo mawili yote yana haki ya kuandikwa "mikroni 10", na bei zake haziwezi kufanana. Ukiona tofauti kubwa ya bei, uliza beta kabla hujamwita muuzaji wa bei ya juu mnyang'anyi.

Kuhusu vifaa vinavyoandamana na chujio, nitasema kwa ufupi, isipokuwa kimoja. Sumaku iliyo kwenye nati ya kumwagia mafuta isafishwe kila mafuta yanapobadilishwa. Ungaunga laini wa chuma ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida. Geji au kidude cha rangi kinachoonyesha chujio limejaa kisipuuzwe, kwa sababu chujio lililojaa haliachi kupitisha mafuta: vali ya pembeni hufunguka, na mafuta hupita bila kuchujwa hata kidogo, huku dereva akiona kazi inaendelea vizuri. Oringi zinunuliwe mpya, tena za aina inayovumilia mafuta.

Kifaa ninachotaka kukikalia ni kipumulio cha tangi. Kila pistoni inapotoka, mafuta hushuka ndani ya tangi na hewa ya nje huvutwa ndani. Hewa hiyo ni ya wapi? Ni ile ya barabara ya Dumila mwezi wa Septemba, ni ile ya shamba la miwa lililochomwa jana, majivu yakielea. Kipumulio ni kifuniko kidogo chenye chujio la hewa, na ni cha bei ndogo kuliko vifaa vyote nilivyotaja. Hata hivyo nimeona hapa Kilosa tangi lililozibwa kwa kitambaa, na jingine kwa gunzi la muhindi. Mwenye mashine hiyo alikuwa amenunua chujio la gharama kubwa la mafuta. Alikuwa akifagia nyumba huku mlango uko wazi upande wa upepo.

Tuje kwenye mafuta. Kwenye dumu mtaona VG 32, VG 46 au VG 68. Namba hizi ni za uzito wa kutiririka kwa nyuzi 40 za joto. Kubwa ni zito zaidi. Si daraja la ubora, wala 68 haiishindi 46. Mafuta mepesi mno huvuja ndani kwa ndani na mashine hukosa nguvu. Mazito mno huifanya pampu inyimwe mafuta asubuhi. Fuata kitabu. Tena matrekta mengi hutumia mafuta yale yale kwa giaboksi, kwa breki zilizozama ndani ya mafuta, na kwa haidroliki. Hayo hutaka mafuta maalumu ya trekta. Ukimimina mafuta ya haidroliki matupu, jembe litapanda vizuri na breki zitaanza kupiga kelele, na hutajua kilichokupata.

Mafuta mapya si lazima yawe safi. Hutoka kiwandani, hupita mabomba, matangi na mapipa, na yakifika kwako huwa yameokota uchafu unaozidi uwezo wa vali za servo kuuvumilia. Kwa mashine za namna hiyo, mafuta mapya nayo hupitishwa kwenye chujio wakati wa kujazwa. Kwa trekta ya kawaida, angalau ndoo na faneli viwe ni vya kazi hiyo tu, na vifunikwe. Pipa likisimamishwa nje, mvua hutuama juu yake. Mchana likipata joto hutoa hewa, usiku likipoa hunyonya maji yale kupitia vizibo. Lilaze ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yawe juu yake kwa ndani. Mafuta yenye maji hugeuka rangi kuwa kama maziwa. Ukiwa na shaka, yaache kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Maji mengi yatashuka chini. Baada ya mafuriko ya Mkondoa, mashine yoyote iliyozamishwa hadi tangi isiwashwe kabla mafuta yake hayajamwagwa.

Sasa haki zenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo ambalo wengi hawalijui. Ukimweleza mwuzaji kazi unayoikusudia, ikaonekana kwamba unategemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ni ya aina anayoiuza kwa kawaida, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini ukiingia dukani ukataja jina la biashara tu, "Nipe ile yenye boksi jekundu," kinga hiyo yaweza kukuponyoka, kwa sababu umechagua mwenyewe. Kwa hiyo sema kwa sauti, tena mbele ya mtu: "Nataka chujio la haidroliki la trekta ya aina hii, ya mwaka huu." Omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Risiti yenyewe iwe ya mashine ya EFD, maana kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono bila jina la duka hakitakufikisha popote.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora, asili au matumizi ya bidhaa. Bidhaa bandia, yaani zile zinazobeba jina la mwingine, hushughulikiwa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko ya namna hizo mbili hupelekwa Tume ya Ushindani. Bidhaa iliyo chini ya kiwango, hata kama jina ni lake halisi, ni ya Shirika la Viwango Tanzania. Dumu lililoandikwa lita 20 likatoa 18 ni la Wakala wa Vipimo. Nawaomba msichoke kwa wingi wa majina haya; ukikosea mlango, Afisa Biashara wa Halmashauri atakuelekeza. Anza kwanza kwa mwuzaji, kwa barua, ukibaki na nakala. Wengi humalizana hapo.

Na msitupe kitu. Kikundi kimoja cha wakulima wa upande huu kilipata hasara kama yangu, lakini wao walikuwa na risiti, boksi, chujio lililopasuka ndani ya mfuko safi, na chupa ya mafuta waliyoyamwaga. Mwuzaji alipoona vitu hivyo vinne mezani, alirudisha fedha ya chujio na kulipia usafishaji wa vali bila kufika kwa mtu mwingine yeyote.

Nilisema nitarudi kwenye msukumo. Mpira wa haidroliki ukipata tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa kasi inayopenya ngozi. Usilitafute tundu kwa kidole. Pitisha kipande cha ubao au katoni, baada ya kuvaa miwani. Mtu akichomwa, kidonda huonekana kama alama ndogo isiyouma sana, naye hutaka kurudi kazini. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mganga aambiwe wazi kuwa ni mafuta yaliyoingia kwa msukumo. Kuchelewa kwaweza kuuondoa mkono. Vivyo hivyo, usiingie chini ya jembe au bodi la tipa lililoinuliwa kwa mafuta peke yake; weka nguzo.

Pale Mikumi, mama mmoja mwenye tipa mbili aliniuliza: "Mwanangu, fundi wangu huliosha chujio kwa dizeli akalirudisha. Je, ananiokolea fedha?" Nilimjibu hivi. Lipo chujio la waya, lililo upande wa kunyonya, ambalo limetengenezwa lioshwe. Hilo na lioshwe. Chujio la karatasi au la nyuzi za kioo halioshwi. Dizeli hutoa uchafu wa juu unaoonekana, huusukuma ule mdogo ndani zaidi, na hulegeza gundi. Naye akauliza swali la pili, ambalo lilinifurahisha zaidi: mafuta machafu ayapeleke wapi, maana vijana wa gereji huyamwaga mtaroni. Mtaro ule huishia mtoni, na mto huo ndio watu wa chini huchota maji. Ayakusanye kwenye pipa lenye kifuniko, asiyachanganye na petroli wala maji ya betri, kisha ayakabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Asimwuzie mtu anayekuja usiku na madumu matupu mapya yenye lakiri, kwa sababu mafuta hayo yanaweza kumrudia dukani, kwa bei ya mapya.